Si Weye Uliniua

Katika mtaa wetu hakuna mtoto aliyekubali kuwa serikali. Serikali ilishindwa kila siku, na nani anapenda kushindwa kila siku? Tulikaa upande wa juu wa Goma, ule unaoelekea Munigi, na mji mzima ulikuwa mikononi mwa waasi. Tulichokiona ndicho tulichokicheza. Kuna siku tulikuwa na vikundi vitatu vya waasi na hakuna wa kumwasi. Ndipo tukaamua serikali wawe wadogo, wale wasio na meno ya mbele, ambao walifurahi kuitwa tu, hata kama waliitwa kuja kuuawa.

Silaha zilitoka kwa Papa. Papa alikuwa fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ambayo vijana hushuka nayo kutoka milimani yamebeba viazi, makaa, kabichi, na siku nyingine nguruwe mzima akilia njia nzima. Usukani wa chukudu hupinda, na kipande cha usukani kilichoharibika kina umbo la bunduki bila mtu kukigusa. Tuliviiba vyote. Papa alipiga kelele, "Mbao zangu munapeleka wapi, nyie banyanganyi?" Lakini jioni moja nilimkuta ameshika bunduki ya mdogo wangu, anaipiga randa polepole, vibanzi visimchome mtoto mkononi. Nilimpenda sana Papa jioni ile. Leo nikikumbuka sijui nicheke au nifanye nini.

Mkuu wetu alikuwa mwana wa jirani, mvulana mkubwa kuliko sisi wote, aliyelelewa na mama yake peke yake. Tulimwita Komanda. Kati ya uwanja wao na wetu palikuwa na ukuta mfupi wa makoro, mawe meusi ya volkano ambayo kwetu ndiyo udongo, ndiyo uzio, ndiyo kila kitu. Kwao walisema Kinyarwanda, walitoka Masisi. Sisi kwetu tulisema Kinande, wazazi wetu walitoka Butembo. Watu wazima walianza kupima maneno wakisalimiana juu ya ukuta ule. Sisi hatukuwa na muda wa kupima. Tulikuwa na vita vyetu, na amri zilitolewa kwa Kiswahili chetu na kile Kifaransa cha kambini: "Gardavu!" Tunakakamaa. "Repo!" Tunalegea.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kufa. Ukimpiga mtu risasi anakufa, sawa, lakini anakufa mpaka lini? Wengine walianguka na kuinuka hapo hapo kama mpira. Tulijaribu kuwahesabia, lakini wadogo walihesabu wanavyotaka. Basi Komanda akatoa sheria. Aliyekufa anabaki chini, macho kafumba, mpaka yule yule aliyemuua aje, amwekee mkono kwenye paji la uso, aseme, "Lamuka." Lamuka kwetu ni amka. Mwingine akisema haihesabiki. Sheria ilikuwa nzuri kwa kuwa ilimfanya kila muuaji awe na kazi ya kurudi.

Mdogo wangu aliipenda sheria hiyo kuliko sisi wote. Ndiye aliyekuwa hodari wa kufa. Alianguka bila kujikinga kwa mikono, ulimi pembeni, na hata inzi akimtua mdomoni hakutikisika. Tuligombania kumuua. Nyumbani tulikuwa tunamwita Kadogo kwa sababu ni kitindamimba, mpaka siku moja Mama alipomwita barabarani, "Kadogo, kuya hapa!", akageuka mtoto mwingine, mwenye sare ya jeshi na bunduki ya kweli iliyokuwa ndefu kuliko miguu yake. Wale watoto wanajeshi nao watu waliwaita kadogo. Mtoto yule alimtazama Mama kwa namna ya mtu aliyeitwa kweli. Mama alimshika mdogo wangu mkono, akarudi nyumbani bila kununua alichokwenda kununua, na jina hilo likafa kwetu. Alichoogopa Mama kilikuwa kimoja tu tangu siku ile: kwamba watamchukua mwanawe. Alimpima urefu kwa macho kila asubuhi, akaomba asikue haraka. Mama gani anaomba mwanawe asikue?

Risasi za kweli zilipolia tulilala sakafuni, chini ya kitanda cha wazazi. Mdogo wangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Tumekufa?" Mama alimjibu, "Hapana. Tumelala tu." Aliuliza swali hilo kila mara. Kwake ilikuwa muhimu kujua, kwa sababu kama tumekufa lazima tujue ni nani atakayetuamsha.

Siku ya volkano tulikuwa tunacheza. Watu wazima walikuwa wamesimama makundi makundi, wanautazama mlima unavyotoa moshi, lakini mlima wetu hutoa moshi kila siku ya Mungu na hatukuona sababu ya kusimamisha vita. Ardhi ilitikisika, tukasema ni bomu la adui. Majivu yalianguka, tukasema vizuri, hawatatuona. Komanda alimkuta mdogo wangu, serikali nzima peke yake, amejificha kwenye mtaro nyuma ya kanisa. Akampiga risasi. Mdogo wangu akafa vizuri sana.

Hapo ndipo mama yake Komanda alipopiga ukelele kutoka ng'ambo ya ukuta, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Moto ulikuwa umefika Munigi. Komanda alitupa bunduki yake ya mbao na kukimbia kwao. Wote tulitawanyika. Barabara ikajaa magodoro yanayotembea, mbuzi, wazee wamebebwa mgongoni, na nyuma yetu mbingu ilikuwa nyekundu ingawa jua lilikuwa bado lipo.

Nilirudi mtaroni nikamkuta kalala pale pale. Majivu yalikuwa yamemwanguka usoni hata kope zilikuwa nyeupe.

"Lamuka, tukimbie!"

Hakufumbua macho. Alijibu midomo ikiwa karibu imefungwa, maana mufu hasemi. "Si weye uliniua."

Nilimvuta mguu. Nilimpiga kofi. Nilikuwa na hasira hadi nikalia, na moto ulikuwa unanguruma kule juu kama lori lililokwama. Mtoto anayejifanya mufu ni mzito kuliko mtoto anayelala. Sikuweza kumwinua. Nilisimama juu ya mtaro nikaita Papa, Papa, Papa, na kila papa aliyepita alikuwa wa mtu mwingine.

Papa alitokea akisukuma chukudu ambayo haijapata hata mpira kwenye magurudumu. Juu yake palikuwa na sufuria, godoro na cherehani ya Mama. Alimwokota mwanawe, akamlaza juu ya godoro, na Mama akamfunika kwa kitenge ili majivu yasimwingie puani. Tukaingia kwenye mto wa watu, kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka.

Sasa fikiria. Watu wanaona chukudu, juu yake mtoto amenyooka, kafunikwa kitenge mpaka utosini, miguu tu nje. Walitupisha. Katikati ya ule msukumano ambao watu walikuwa wanakanyagana, sisi tulipishwa. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja aliyebeba bidoni mbili za maji akamkaribia Mama. "Pole, mama. Pole sana. Ni moto?"

Mama akafungua mdomo aseme hapana, mtoto anacheza. Sentensi ile haikutoka. Nani angeweza kuisema pale? Akaitikia kwa kichwa. Na yule mama akaanza kuimba wimbo wa maziko, taratibu, akitembea kando ya chukudu na bidoni zake, na watu wa karibu wakamfuata. Mama yangu alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, na wimbo ukipita karibu naye hauwezi kupita bila sauti ya pili. Akaimba. Alimwimbia mwanawe mzima wimbo wa maziko, machozi yakimtoka kweli, mpaka tukafika mpakani. Nilitembea nyuma nikiona vidole vya miguu vya mdogo wangu. Havikutikisika hata mara moja. Naamini hapo ndipo jambo lilipogeuka. Mtoto aliusikia mji mzima ukikubali kwamba amekufa.

Tuliporudi Goma nyumba yetu haikuwepo. Hapakuwa hata na mahali pa kusema hapa palikuwa na nyumba. Mawe mapya, meusi, yenye joto, yalikuwa yamelala juu ya uwanja wetu na uwanja wa jirani bila kujali ukuta. Papa alitembea juu yake mpaka kandambili zikaanza kunuka kuungua, akageuka. Tulikwenda Ndosho, magharibi ya mji ambako moto haukufika, tukafunga shitingi, turubai la misaada, kwenye uwanja wa mjomba.

Mdogo wangu alitembea, alikula, alilala. Mwili ulikuwa wake. Lakini ukimwita alikuambia kwa upole kwamba amekufa. Ukimpa bidoni aende bombani alisema, "Mufu hateke mayi." Mwanzoni tulicheka, hata Papa. Nilidhani ni uvivu, na nikamwambia hivyo. Kisha risasi zikalia usiku mmoja upande wa uwanja wa ndege, sote tukalala chini, na nikasubiri aulize swali lake. Hakuuliza.

Hakucheza tena. Watoto wa Ndosho walikuwa na vita vyao, vizuri tu, na walikuwa na upungufu wa serikali kama kila mahali. Walikuja kumwomba. Aliwatazama kama muzee anayetazama vifaranga.

Mfa maji haachi kutapatapa, na Mama alitapatapa. Alinunua dawa ya maji ya duka la dawa, ile nyekundu. Alileta maji ya baraka. Mjomba akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akidhani anachekesha, na Mama hakumpa chakula siku ile. Mwishowe akampeleka mdogo wangu kwenye chumba cha maombi karibu na karakana za mbao, ambako muombezi mmoja mwenye sauti ya radi alimshika mtoto kichwa kwa mikono miwili, akapiga kelele, "Lamuka! Nakuambia lamuka!" Nilishtuka. Neno lilikuwa lenyewe! Mdogo wangu alimtazama yule bwana kwa heshima zote, akasema mbele ya watu, "Si weye uliniua, papa."

Muombezi aliondoa mikono kama aliyeshika sufuria ya moto. Kuna watu walianza kumtazama mdogo wangu vibaya, kama mtoto mchawi. Mama akamtoa mtoto haraka.

Njiani ndipo nilipomweleza Mama sheria. Nilimwambia yote, mtaro, mkono wa paji la uso, Komanda. Nilitarajia kofi. Mama alisimama katikati ya njia, chukudu zikatupita kushoto na kulia.

"Ni ule mutoto wa jirani njo alimuua?"

"Njo yeye, Mama."

"Basi tumutafute." Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayetafuta funguo.

Papa aliposikia alikuna kichwa akasema dawa ya moto ni moto, na mtu asithubutu kumcheka. Tuliulizia kwa wachukuzi wa chukudu, ambao wanajua nani yuko wapi kuliko ofisi yoyote, na wakatuambia mama yake Komanda alikimbilia njia ya Sake na sasa yuko kwenye darasa la shule moja huko, pamoja na wengine wasio na nyumba. Tulimkuta amekaa chini, anafuma sweta la kijani. Walikumbatiana na Mama kwa muda mrefu, wale wanawake wawili ambao juu ya ukuta walikuwa wamebakiza salamu tu. Lakini Komanda hakuwepo.

"Walipita basoda na bunduki zabo," alisema. "Banasema wanatafuta vijana ba kubeba masanduku, kesho watawarudisha nyumbani. Nikamwambia, enda mwanangu, usiwakasirishe." Alihesabu nyuzi za sweta kidogo. "Yuko kwa bariera ya njia ya Rutshuru. Nilienda, wakanifukuza. Mukifika, mumupe hii. Huko kuko baridi."

Akamalizia mkono wa sweta tukiwa tumekaa pale. Mama alitazama mikono yake ikifuma. Nilijua anawaza nini, kwa sababu na mimi niliwaza hicho hicho. Mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni, miguu imenyooshwa, na miguu ilikuwa imerefuka.

Tulikwenda kwa miguu, Mama, mdogo wangu na mimi. Mkono mtupu haulambwi, basi Mama alibeba parachichi na viazi vitamu vya kuchemsha kwa ajili ya wanajeshi. Bariera yenyewe, kizuizi cha wanajeshi, ilikuwa kamba iliyofungwa vifuko vya plastiki ili ionekane, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mti. Sisi yetu ya mchezo kule nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Niliona aibu, sijui kwa nini, kama kwamba ni sisi tuliowafundisha.

Pale palikuwa na mwanajeshi mkubwa amelala nusu kwenye kiti, na karibu na kamba alikaa Komanda. Alivaa buti za mpira na koti lililomfika magotini. Bunduki yake ilikuwa ya kweli na ilikuwa imemkalia mapajani. Kwetu alikuwa mkubwa kuliko wote. Pale alikuwa ndiye mdogo, ndiye aliyeteremsha kamba na kuipandisha. Alituona, akateremsha kamba tupite. Akatazama chini.

Mama hakumwendea. Alimpa yule mkubwa viazi kwa mikono miwili, akamwambia, "Muzee, tunakuomba. Mutoto wangu ni mugonjwa. Na huyu kijana wenu tunamujua, iko na mukono ya baraka. Amuombee kidogo tu, twende."

Mwanajeshi alicheka mpaka kiazi kikamtoka. "Huyu? Hata kupika hajue!" Lakini jina la Mungu halichezewi, na parachichi zilikuwa nzuri. Akapiga vidole. "Kadogo! Kuya uombee mugonjwa."

Niliona bega la Mama likiruka aliposikia lile jina.

Mdogo wangu hakuambiwa afanye nini. Alilala chini, barabarani, juu ya changarawe nyeusi, akanyooka, akafumba macho, ulimi pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya volkano kumwona anafanya jambo kwa hamu. Mshipa wa shingo ulikuwa unampiga. Alikuwa amesubiri muda mrefu na sasa muuaji wake amekuja.

Komanda aliweka bunduki mgongoni, akapiga magoti. Akamwekea mkono kwenye paji la uso. Vidole vilikuwa na masizi ya sufuria. Nilikuwa nimesimama karibu sana, nikimwambia moyoni, sema, sema tu, ni neno moja. Mdomo wake ulifunguka. Macho yake yakamtembea mdogo wangu kutoka usoni mpaka kifuani mpaka miguuni, yakasimama kwenye ile miguu mirefu. Akamgeukia kidogo yule mkubwa anayekula. Kisha akainama mpaka mdomo ukakaribia sikio la mdogo wangu.

"Bakia hivyo," alinong'ona. "Mufu habamubebe mu jeshi."

Akainuka, akasema kwa sauti, "Amina."

"Amina," alisema mwanajeshi mkubwa, mdomo umejaa.

Mama alitoa sweta. Komanda alilishika, akaligusa kwenye shavu, haraka, akalirudisha. "Watanyanganya," alisema. "Mwambie Mama nimelivaa." Kisha akateremsha kamba tupite kurudi, na tulipopita akaipandisha.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nilitaka kurudi nikamvute yule mvulana mkono twende naye nyumbani, na nilijua siwezi, na Mama alijua hawezi, mama mtu mzima, mwenye nguvu za kuchota bidoni mbili. Tulipokaribia bariera nyingine alimweka mdogo wangu mgongoni, ingawa alishazidi umri huo, akamfunika kitenge mpaka utosini. Watu walimwambia pole. Aliitikia.

Sweta Mama alilirudisha kwa mwenyewe. Hakuweza kumwambia uongo ule aliotumwa. Aliliweka kwenye mapaja ya yule mama, wakakaa.

Mdogo wangu hakuambiwa lamuka, na ni mtu wa sheria. Miaka ilivyopita aliacha kusema amekufa. Alikwenda shule, akacheka tena, akaanza kumsaidia Papa kukata magurudumu. Lakini hakusema hata siku moja kwamba amefufuka. Kisha uasi mwingine ukaingia kupitia Bunagana, kama unavyojua kuingia, na wanajeshi wakaanza kupita Ndosho uwanja kwa uwanja wakitafuta vijana. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa imeshakuwa nzito. Tulisikia wako kwa jirani. Hakuna aliyemwambia kitu. Alilala kwenye mkeka katikati ya nyumba, akanyooka. Mama akamfunika, akaanza wimbo ule wa maziko, na safari hii ni mimi niliyeshika sauti ya pili. Mwanajeshi aliingiza kichwa mlangoni. Akakitoa.

Walichukua vijana wawili wa uwanja wa pili. Tulisikia mama yao akilia huku sisi bado tunaimba, na hatukuthubutu kunyamaza. Tulikuwa na wimbo wa mtoto mmoja tu.

Leo mdogo wangu ana ndevu na watoto, na karakana ya Papa ni yake. Komanda hatukumwona tena. Kuna waliosema yuko Masisi, wengine walisema mambo ambayo sitaki kuyaandika. Mama yake amezeeka. Kila mara bunduki zikianza kulia kuelekea mjini, yeye hakimbii kama watu wengine. Anakuja kwetu na mfuko wake, ndani mna lile sweta la kijani, ambalo sasa hata mwanawe akirudi halitamwingia bega. Anakaa kwenye kipande cha mbao karakanani na kumtazama mdogo wangu akifanya kazi.

Mara ya mwisho alipokuja nilikuwepo, ninawapa chai. Alingoja mdogo wangu azime msumeno.

"Mwanangu. Alikuambia lamuka?"

Mdogo wangu alifuta vumbi la mbao usoni. "Hapana, mama. Niko mufu bado."

"Basi atakuya," alisema yule mama. "Hawezi kukuacha vile."

Akanywa chai yake yote, akaomba nyingine.